Mwaka 1789 Unaanzia Kilwa

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, wazazi mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza: wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya mapinduzi, na jinsi Ufaransa ilivyoacha alama katika historia, fikra na utamaduni wa dunia. Mada hii si ngeni kwenu. Kila mwaka tunaifundisha: gereza la Bastille kuvamiwa tarehe 14 Julai 1789, Mfalme Louis wa 16 kukatwa kichwa Januari 1793, Robespierre na utawala wa hofu, kisha Napoleon. Mwanafunzi anakariri sababu za kisiasa, za kiuchumi na za kijamii, anazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, yamekwisha. Kwake hizo ni habari za Wafaransa waliokosa mkate. Yeye ni mtu wa pwani, yanamhusu nini?

Yanamhusu sana. Ndiyo maana leo sitaanzia Paris. Nitaanzia Kilwa Kisiwani, miaka 13 kabla ya Bastille.

Tarehe 14 Septemba 1776, miezi miwili tu tangu makoloni ya Marekani yatangaze kwamba watu wote wameumbwa sawa, Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa alifunga mkataba na Mfaransa mmoja aitwaye Morice, mtu aliyekuwa daktari wa upasuaji kabla ya kugeukia biashara ya watumwa. Maneno ya mkataba huo tunayo hadi leo. Ni machache, hayajazi ukurasa. Sultani anaahidi kumpa Morice watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piastre 20, yaani sarafu za fedha za wakati ule, kila mmoja, na juu ya bei hiyo Morice atatoa piastre 2 kwa kila kichwa kama zawadi ya Sultani mwenyewe. Hakuna mnunuzi mwingine, awe Mfaransa, Mholanzi au Mreno, atakayeruhusiwa kununua mpaka Morice awe ametosheka. Anapewa ngome aweke mizinga yake na kupandisha bendera yake. Na muda wa mkataba? Miaka 100.

Naomba tusimame hapo kidogo. Watumwa 1,000 kwa mwaka, kwa miaka 100, ni watu 100,000. Wengi wao siku ile mkataba unatiwa mhuri walikuwa hawajazaliwa. Hata wazazi wao walikuwa hawajazaliwa. Watu wawili waliketi wakapanga bei ya vitukuu vya watu wasiowajua, waliokuwa wakilima mtama na mihogo huko bara, kwenye njia za misafara ya Wayao kuelekea Ziwa Nyasa. Sioni sababu ya kuifunika sehemu ya watu wetu katika jambo hili. Mkono uliouza ulikuwa wa hapa, na zile piastre 2 za zawadi ziliingia katika mfuko wa mtawala wa hapa. Mkono ulionunua ulitoka katika nchi ambayo, mtoto aliyezaliwa mwaka ule akiwa bado hajabalehe, ingetangaza uhuru wa binadamu wote.

Mkataba wenyewe haukudumu. Katikati ya miaka ya 1780 Waomani waliitia Kilwa mikononi mwao, na ndoto ya Morice ikafa. Lakini meli za Kifaransa hazikuacha kuja. Walionunuliwa Kilwa, Ibo na kisiwa cha Msumbiji wengi wao walipelekwa Île de France na Bourbon, visiwa ambavyo leo tunaviita Mauritius na Réunion. Wengine safari yao haikuishia hapo. Walizungushwa Rasi ya Tumaini Jema, wakavushwa Bahari ya Atlantiki hadi Saint-Domingue katika visiwa vya Karibi. Huko, kwenye orodha za mashamba, mtu wa pwani yetu yote aliandikwa kwa jina moja: Mozambique. Kabila lake, kijiji chake na jina alilopewa na mama yake, vyote vilizimwa kwa neno hilo moja.

Saint-Domingue ndiyo Haiti ya leo, na mwaka 1789 hakukuwa na koloni duniani lililotoa sukari na kahawa nyingi kulishinda. Watumwa walikuwa karibu 500,000, Wazungu kama 30,000, na machotara na Weusi walio huru wakikaribia idadi hiyo hiyo. Wengi wa watumwa walizaliwa Afrika. Wamiliki walikuwa wamepiga hesabu kwamba ni nafuu kumfanyisha mtu kazi mpaka afe, kisha kununua mwingine, kuliko kumlisha akazaa na kulea. Meli za Nantes, Bordeaux na La Rochelle, miji ya bandari ya Ufaransa, zilileta watu na kuondoka na sukari, na majumba ya mawe ya miji hiyo yapo mpaka leo, yanapendeza kuyatazama.

Sasa twende Paris. Tarehe 26 Agosti 1789 Bunge la Taifa lilipitisha Tangazo la Haki za Binadamu na Raia, lenye ibara 17. Ibara ya kwanza inasema kwamba watu huzaliwa na hubaki huru na wenye haki sawa. Ni sentensi kubwa. Nimeifundisha miaka mingi na bado inanigusa kila ninapoiandika ubaoni. Lakini walimu wenzangu, tusiwe wavivu wa kufika mwisho wa ukurasa. Ibara ya 17 inasema kwamba mali ni haki takatifu isiyovunjwa. Wenye mashamba ya Saint-Domingue, ambao wengi waliishi Paris kwa raha zao, walikuwa wasomaji wazuri. Walikwenda moja kwa moja kwenye ibara ya 17. Kwao mtumwa alikuwa mali, na mali ni takatifu. Kwa miaka miwili Bunge lilisikiliza zaidi hoja hiyo kuliko ibara ya kwanza.

Hata Weusi na machotara waliokuwa huru walinyimwa kura. Vincent Ogé, chotara, mtu wa mali na elimu, alizidai haki hizo Paris, akarudi nyumbani akazidai kwa silaha mwishoni mwa mwaka 1790. Februari 1791 walimfunga kwenye gurudumu wakamvunja mifupa hadharani. Na huko huko Ufaransa, Olympe de Gouges aliyeandika tangazo la haki za wanawake mwaka 1791, na aliyekuwa amekwisha kuupinga utumwa kwa kalamu yake, walimkata kichwa Novemba 1793. Mapinduzi yaliogopa kuyasikia maneno yake yenyewe yakitoka katika vinywa vya watu wengine.

Usiku wa tarehe 22 Agosti 1791 watumwa wa uwanda wa kaskazini wa Saint-Domingue waliinuka. Wiki moja kabla walikuwa wamekula kiapo msituni, mahali paitwapo Bois Caïman, wakiongozwa na Boukman, mtumwa mwenzao. Katika muda wa siku chache mashamba ya miwa yalikuwa yanawaka moto mpaka upeo wa macho. Watu hawa hawakungoja mtu awasomee Rousseau, mwanafalsafa aliyeandika juu ya uhuru na usawa. Wengi wao, hasa waliotoka Kongo, walikuwa wamepigana vita vya huko kwao kabla ya kukamatwa na kuuzwa. Walijua kuvizia, kujificha na kushambulia. Na kila mmoja, awe wa Kongo, wa Dahomey, yaani Benin ya leo, au wa pwani yetu, alijua kwamba hakuzaliwa mtumwa. Ibara ya kwanza waliijua kabla haijaandikwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu. Wapo wanaofundisha kwamba fikra za Ufaransa zilisafiri hadi Haiti zikawaamsha watumwa. Wapo pia, hasa vijana, wanaosema tangazo lile lilikuwa unafiki mtupu wa Wazungu, tulitupe. Wote wanakosea. Ushahidi unaonyesha jambo gumu zaidi kuliko hayo: wale watumwa ndio walioifanya sentensi ya Paris iwe kweli. Waliichukua kutoka kwa waandishi wake, wakaitumia mahali ambapo waandishi hawakutaka itumike, wakaishikilia hata waandishi walipoiacha.

Tazameni mfuatano wa tarehe. Agosti 1793, kamishna wa Ufaransa Sonthonax, akiwa anatishiwa na Waingereza, Wahispania na wenye mashamba walioasi, anatangaza uhuru wa watumwa wa kaskazini, kwa sababu bila wao koloni limekwenda. Tangazo lake lilichapishwa kwa Kifaransa na kwa Krioli, ili walengwa walielewe. Ndipo koloni likatuma wabunge watatu Paris: Mzungu mmoja, chotara mmoja, na Jean-Baptiste Belley, Mwafrika aliyekuwa mtumwa na akajinunulia uhuru wake. Tarehe 4 Februari 1794 Bunge lilifuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa, na likawatangaza wakazi wake wote kuwa raia bila kujali rangi. Siku ile mwanamke mmoja Mweusi, ambaye alikuwa na desturi ya kuhudhuria vikao vya Bunge, alizimia kwa furaha pale pale. Mbunge Cambon alisimama akaomba tukio hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao. Likaandikwa. Jina lake Cambon hakulitaja. Mnisamehe, lakini mimi huwa nawaza kila mara alitokea wapi yule mama.

Amri ile ilipaswa kuwafikia pia watu wa Kilwa waliokuwa Île de France. Haikuwafikia. Mwaka 1796 wajumbe wawili wa serikali, Baco na Burnel, walitia nanga Port Louis, bandari ya Île de France, na sheria mkononi, pamoja na askari. Wakoloni waliwazuia, wakawapandisha melini ndani ya siku chache, wakawafukuza. Kwa hiyo wakati babu mmoja aliyeuzwa pwani yetu akapelekwa Karibi alikuwa raia wa Jamhuri mwenye bunduki begani, ndugu yake aliyeuzwa siku ile ile, akashushwa kisiwa kilicho jirani na kwao, alibaki kwenye minyororo. Sheria ilikuwa moja. Tofauti ni kwamba mahali pamoja watu walikuwa na nguvu ya kuilazimisha itekelezwe, mahali pengine hawakuwa nayo.

Kuna tukio lingine katika bahari yetu ambalo walimu wachache wanalijua, nami napenda mlibebe hadi darasani. Desemba 1800 bomu lililotegwa barabarani Paris lilimkosa Napoleon Bonaparte, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mtawala wa Ufaransa. Waliolitega walikuwa wafuasi wa mfalme, lakini Napoleon aliitumia nafasi hiyo kuwafagia wanamapinduzi wa mrengo wa kushoto. Makumi yao walipakiwa melini bila kesi, wakatupwa Shelisheli mwaka 1801. Wenye mashamba wa Shelisheli waliingiwa na hofu, maana hawa watu wangeweza kuwaambia watumwa habari ya uhuru. Basi zaidi ya 30 miongoni mwao waliondolewa tena, wakapelekwa Nzwani, katika Komoro, mwaka 1802. Wengi wao walikufa huko muda mfupi tu baada ya kushuka. Mmoja wao ni Jean-Antoine Rossignol, sonara wa Paris ambaye tarehe 14 Julai 1789 alikuwa kati ya walioivamia Bastille, na baadaye akawa jenerali wa Jamhuri. Mtu aliyeiangusha Bastille amezikwa katika kisiwa cha Waswahili, miongoni mwa Waislamu wa Nzwani.

Mwaka huo huo wa 1802 Napoleon alirudisha utumwa kwa sheria ya tarehe 20 Mei. Alikuwa amekwisha kutuma Saint-Domingue jeshi kubwa chini ya shemeji yake Leclerc. Toussaint Louverture, mtumwa wa zamani aliyekuwa mwendesha gari la farasi katika shamba la Bréda na ambaye sasa alikuwa gavana wa koloni zima, alikamatwa kwa hila Juni 1802. Alifungwa Fort de Joux, ngome yenye baridi kali katika milima ya Jura, akafa humo tarehe 7 Aprili 1803.

Lakini ninalotaka mlikumbuke kuliko yote limetokea Machi 1802, katika ngome ndogo ya Crête-à-Pierrot. Wanajeshi Weusi wapatao 1,000 na ushei walikuwa wamezingirwa na maelfu ya Wafaransa. Ofisa mmoja wa Kifaransa aliyekuwapo, Pamphile de Lacroix, ameandika kwamba usiku askari wake walisikia kutoka ndani ya ngome nyimbo za Mapinduzi, zile zile walizoimba wao wenyewe Ulaya walipokuwa wakipigania Jamhuri. Anasema askari waliwatazama makamanda wao kana kwamba wanawauliza: je, hawa tunaowaita washenzi ndio wenye haki? Sisi si askari wa Jamhuri tena? Tazameni hapo, ndugu zangu. Nje ya ngome kuna bendera ya Ufaransa, na ndani yake kuna Mapinduzi ya Ufaransa, na vimekuja kuuana.

Tarehe 18 Novemba 1803, pale Vertières, jeshi la Dessalines, jenerali aliyeshika uongozi baada ya Toussaint, liliwashinda Wafaransa, na homa ya manjano ilikuwa imekwisha kufanya sehemu yake. Tarehe 1 Januari 1804, mjini Gonaïves, Haiti ilitangazwa kuwa nchi huru. Napoleon, aliyekuwa amepoteza tumaini la Karibi, alikuwa amekwisha kuiuzia Marekani eneo zima la Louisiana mwaka 1803 kwa dola milioni 15. Ukubwa wa Marekani unaouona kwenye ramani una deni kwa watumwa wa Saint-Domingue, ingawa Marekani hiyo hiyo haikuitambua Haiti mpaka mwaka 1862. Simón Bolívar naye, mkombozi wa Amerika Kusini, aliposhindwa vita na kukosa pa kukimbilia, alipewa silaha na Rais Pétion wa Haiti, kwa sharti kwamba awaachie huru watumwa. Na baada ya Kongo kupata uhuru mwaka 1960, walimu na madaktari wengi kutoka Haiti walivuka bahari kwenda kufanya kazi huko, kwa sababu walijua Kifaransa na kwa sababu, wengine walisema wenyewe, walikuwa wanarudi kwao.

Gharama ya uhuru huo mnaijua? Mwaka 1825 Mfalme Charles wa 10 alipeleka manowari Port-au-Prince na madai ya faranga milioni 150, fidia kwa wenye mashamba waliopoteza ardhi na watumwa. Ibara ya 17 ilikuwa imerudi, safari hii na mizinga. Mwaka 1838 deni lilipunguzwa likawa milioni 90 kwa jumla, lakini Haiti ilikuwa imeanza kukopa benki za Paris ili iwalipe watu wa Paris, na mikopo iliyotokana na deni hilo iliisumbua mpaka karne ya 20. Mtu anapokuja kuniuliza kwa nini Haiti ni maskini, mimi simjibu kabla hajaandika namba hiyo kwenye daftari lake.

Ufaransa ilifuta utumwa kwa mara ya pili tarehe 27 Aprili 1848. Kule Réunion watu wapatao 62,000 walipata uhuru wao tarehe 20 Desemba mwaka huo. Hata hapo, kwa miaka kadhaa, meli ziliendelea kuchukua watu pwani yetu kwa jina la wafanyakazi wa mkataba, watu ambao mara nyingi walinunuliwa kwanza na kuulizwa baadaye kama wamekubali.

Sitaki mtoke hapa mkidhani nimekuja kuifanya Ufaransa kuwa shetani. Nenda dukani upime sukari: ile kilo ni mtoto wa Mapinduzi. Mwaka 1789, wakulima wa Ufaransa walipotakiwa kuandika malalamiko yao, moja lililojirudia kutoka wilaya hadi wilaya lilikuwa vipimo. Kila bwana alikuwa na kipimo chake, kikubwa wakati wa kupokea nafaka na kidogo wakati wa kutoa. Kwa hiyo wanasayansi Delambre na Méchain wakatumwa kupima ardhi kutoka Dunkerque hadi Barcelona, kazi iliyowachukua tangu 1792 hadi 1798 katikati ya vita, ili mita itokane na dunia yenyewe wala si mkono wa mfalme. Sheria ya vipimo vipya ilitoka Aprili 1795. Hilo nalo ni dai la usawa, na limefika mpaka kwenye genge la mama muuza nyanya.

Basi walimu, nawaomba jambo moja la kazi. Mkifika kwenye somo hili, chapeni ibara ya kwanza, ibara ya 17 na mkataba wa Kilwa kwenye karatasi moja, muwape wanafunzi wajadiliane kabla ya kuwapa hata sababu moja ya kukariri. Mnaoweza, wapelekeni Kisiwani. Kutoka Kilwa Masoko ni safari fupi ya mashua. Wasimame katika jumba la Makutani, makao ya masultani wa karne ile, wausome mkataba wakiwa hapo.

Nanyi wanafunzi. Mwaka 2001 Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria iliyopelekwa na Christiane Taubira, mbunge wa Guyane, eneo la Ufaransa lililoko Amerika Kusini, inayotamka kwamba biashara ya watumwa ilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Sheria hiyo inaitaja Bahari ya Hindi kwa jina, pamoja na Atlantiki. Mauritius iliunda Tume ya Ukweli na Haki, ikatoa ripoti yake mwaka 2011. Aprili 2025 Rais Macron alitangaza tume ya pamoja ya wanahistoria wa Ufaransa na Haiti kuchunguza lile deni la 1825. Sisi, tuliotoa watu, hatuna budi kuwa na wasomaji wetu katika meza hizo. Kumbukumbu za makoloni zimehifadhiwa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, nyingine ziko Mauritius, nazo zimeandikwa kwa Kifaransa cha karne ya 18, kwa wino unaofifia: majina ya meli, bandari zilikotoka, umri wa watu, bei zao, alama za chale usoni. Mwalimu wa Kifaransa akiingia darasani kwenu, msimwone kama mtu wa somo la ziada. Jifunzeni. Nataka nimwone kijana wa Kilwa au wa Lindi akiifungua orodha hiyo, akutane na chale anazozijua kwa bibi yake, na aandike kwa Kiswahili watu hao walitoka wapi.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Niko tayari kwa maswali, na ningependa yaanzie kwa wanafunzi. Asanteni.